Uso Mmoja Kwenye Ukuta wa Alhaji

Vijana wa karibu na stendi, wale wenye mashine ya kuchapa mabango, wameniomba niandike habari za kazi ya rangi kabla sijasahau. Nimewaambia sijasahau kitu, nimechoka tu. Wao wanabonyeza kompyuta, mashine inatema bango, wanalikunja na kulifunga kwenye bodaboda. Wakiniuliza sisi tulifanyaje, wananitazama kwa huruma, kana kwamba nawasimulia habari za njaa. Sasa nimeacha kazi. Hakuna aliyenistaafisha, kifua ndicho kilichokataa harufu ya rangi. Habari za mshahara na vyeo msizitafute humu. Vyeo sikuwa navyo, na mshahara mnaweza kuukisia wenyewe mkiitazama nyumba yangu.

Mimi ni Nzunda, mtoto wa wakulima wa kahawa wa Mbozi, si mbali na misheni. Kazi ya kwanza ya brashi niliifanya kwenye magunia ya kahawa, kupiga alama za chama cha wakulima. Katikati ya miaka ya themanini nikasikia reli pale Tunduma inatafuta mtu wa kusaidia kuandika vibao na namba za mabehewa. Nilikwenda na shati la kanisani, nikijua kwamba siku hiyo hiyo nitapewa brashi na behewa.

Nilipewa msasa. Aliyenipa alikuwa Mzee Sinyangwe, fundi maandishi wa kituo, Mnamwanga wa hapa hapa Tunduma, mrefu, mkimya, mifuko ya koti imejaa vipande vya chaki. Hakuniuliza jina. Alinionyesha rundo la vibao vilivyopauka, vimeegemezwa ukuta wa stoo.

"Futa," akasema.

"Nifute vyote, mzee?"

"Vyote. Mpaka ubao usahau."

Basi nilianza kazi ya kuandika kwa kufuta. Wiki za mwanzo sikugusa herufi hata moja. Nilisugua maandishi yake mwenyewe, ya miaka ya nyuma, mpaka vidole vikachubuka na shati la kanisani likawa la kazi. Nilikasirika sana. Baadaye nilielewa kwamba ukisugua herufi za mtu kwa siku nyingi, mkono wako unajua alikoanzia na alikoishia. Hakunieleza hilo. Alikuwa mtu wa kukuacha uchubuke kwanza.

Siku moja niligeuza kibao nikaona mgongoni mwake mchoro wa chaki: kichwa cha mtu, kina shingo na masikio, lakini hakina macho, pua wala mdomo. Nikageuza kingine, kichwa tena. Cha tatu vilevile. Nikamwita.

"Mzee, huyu ni nani?"

Alitazama kidogo akarudi kwenye kazi yake. "Mdogo wangu. Futa na huyo."

Habari yenyewe niliipata kwa vipande, tukiwa tunakula. Yoramu alikuwa kitinda mimba wao. Wakati reli inajengwa, lori lilipita asubuhi kukusanya vijana wa kazi. Mama yao alikuwa shambani. Dereva alikuwa anapiga honi bila kupumzika, Yoramu akachukua blanketi akaparamia lori, hata uji akauacha. Huko milimani, kambini, akashikwa na homa. Walimzika huko huko. Nyumbani taarifa ilifika majani yameshaota kaburini. Picha yake haikuwepo hata moja. Alisema atapiga picha akirudi.

"Kila mwaka najaribu," Mzee Sinyangwe aliniambia. "Mimi ni mtu wa herufi, Nzunda. Herufi zinakubali kukaa. Uso wa Yoramu unakataa."

Nikaendelea kula.

Neno la kwanza nililoruhusiwa kuandika lilikuwa SIMAMA, kwa ajili ya kibao cha pale barabara inapokatana na reli. Wenye kazi hii wanajua kwamba S ni herufi ya uchungu. Juu ikiwa kubwa inaanguka kifudifudi, chini ikiwa kubwa inaonekana imekaa chooni. Mzee alinirudisha kwenye chaki mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nafasi nazo: alisema herufi ni kama watu kwenye benchi la zahanati, wasibanane na wasikimbiane. Brashi tulizisafisha kwa mafuta ya taa, tukazioga kwa sabuni, kisha tukazilaza kwenye mafuta ya kula ili nywele zisikakamae. Mafuta ya kula siku zile yalikuwa ya kutafutwa kwa kujuana. Mke wangu hakuwahi kuelewa kwa nini brashi zipate mafuta na yeye achemshe mboga kwa chumvi, na mimi sikuwahi kupata maelezo ya kumridhisha.

Niliandika vibao, mabehewa na milango ya ofisi. Upepo wa Tunduma mnaujua: unangoja rangi iwe mbichi ndipo ulete vumbi. Nilijifunza kuandika kwa mkono wa kulia na kukinga kwa kofia kwa mkono wa kushoto. Jioni nilikuwa nafika nyumbani natembea kama mtu aliyepigwa.

Kisha ikaja miaka ya tisini na lile neno la kupunguza watu. Treni zenyewe zilishaanza kupungua, na anayepunguza treni haweki mtu wa kuandika vibao. Tulipunguzwa pamoja, mimi na mzee. Siku ya mwisho alinipa fimbo yake ya kuegemeza mkono, ile yenye fundo la kitambaa kichwani, akaenda zake kulima. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Nilikwenda kumzika, nikaandika jina lake msalabani, na S yake niliirudia mpaka watoto wa marehemu wakaanza kunitazama vibaya.

Mjini kazi zilikuwepo, kwa sababu kila aliyekuwa na chochote alikuwa amefungua duka au amenunua gari. Nikawa fundi wa kuandika malori. Wenye malori wa siku zile walikuwa wengi Waislamu kutoka mikoa mingine, watu wa Singida, wa Kondoa, wa Tanga, na kila mmoja alitaka neno lake nyuma ya lori. Mmoja anataka dua, mwingine anataka kumsuta mwenzake wa gereji ya pili. Mara mbili niliandika msuto asubuhi na majibu yake jioni, kwa brashi ile ile.

Mmoja wao alikuwa Alhaji Mrisho. Alikuwa na malori machache na ghala lenye ukuta mrefu kando ya barabara kuu inayokwenda mpakani. Shida yake ilikuwa mkojo. Wapita njia, madereva, matanboi, wote waliugeuza ukuta ule choo. Aliniita nikaandika USIKOJOE HAPA kwa herufi nzuri sana, nyekundu, zenye kivuli. Baada ya siku chache nilipita nikamkuta mtu anakojoa huku anasoma.

"Fundi, maneno hayawatoshi," Alhaji akasema. "Hebu nichoree kitu ambacho mtu atakionea haya. Chora safari za hapa kwetu. Anza na wale wapagazi wa zamani, kisha reli na treni yake, halafu malori yangu mwishoni. Ila watu usiwape macho. Nikitoka kuswali sitaki mtu wa ukutani ananitazama."

Nilifanya alivyotaka. Nilipaka chokaa, nikapiga mistari kwa uzi wa chaki, nikagawa ukuta mzima kwa miraba. Upande wa kushoto niliweka wapagazi na mizigo kichwani, wamenipa mgongo. Wakafuata wenye baiskeli na magunia ya kahawa, nao mgongo. Katikati niliweka vijana wa reli wameinama, wamebeba chuma kirefu kwenye mabega, mgongo vilevile. Kisha treni, daraja, na malori. Ilikuwa picha ya watu wanaokwenda, na mimi kama niliyeachwa nyuma. Mkojo ulikoma, hilo naweza kuwaapia. Sijui kwa nini mtu anayeweza kukojolea maandishi anashindwa kukojolea treni.

Nilikuwa juu ya ngazi siku aliyofika mwanamke mzee, kajifunga kitenge, kigoda mkononi na beseni la karanga kichwani. Alitua beseni, akaitembea picha yote taratibu, kisha akarudi chini ya ngazi yangu.

"Wewe ndiye Nzunda uliyefundishwa na mdogo wangu?"

Sikujua kama kulikuwa na mtu duniani anayeweza kumwita Mzee Sinyangwe mdogo. Nikashuka. Akaniambia yeye ni Nanyangwe. Kwa Wanamwanga mwanamume wa ukoo ule ni Sinyangwe, na dada yake ni Nanyangwe, kwa hiyo nilijua mara moja niko mbele ya nani. Alikuwa dada yao mkubwa, ndiye aliyembeba Yoramu mgongoni mama yao alipokuwa shambani.

Alielekeza kidole kwa vijana wa reli. "Hapa Yoramu ni yupi?"

"Yeyote unayemtaka, mama."

"Mwanangu, mgongo wa mtu hauna jina. Mgeuze mmoja."

Nilimweleza sharti la Alhaji. Hakubishana na mimi. Alichukua kigoda chake akaenda kukaa mlangoni kwa Alhaji mpaka alipotoka. Nilisikia maneno yao kwa sababu brashi yangu ilikuwa imesimama.

"Baba," alimwambia, "kwetu mtu akifa watu wanapita mbele yake. Wanamtazama, wanamuaga, hata aliyekosana naye anapita. Yoramu hakuna aliyempita. Alitoka nyumbani mbio, akazikwa mbio, na wageni. Ukuta wako watu wanaupita kutwa. Mimi sitaki kingine."

Alhaji alivuta punje za tasbihi yake. Alikuwa mtu mkali, mwenye kugombana na kila fundi, na nilidhani atamfukuza.

"Mmoja," akasema hatimaye, akinitazama mimi na si yeye. "Mmoja tu, fundi. Na asielekee mlango wangu."

Hapo ndipo ilipoanza kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nimeandika majina kwenye matangi ya mafuta kwenye upepo, nimening'inia kwa kamba kwenye mnara wa kanisa, lakini kuchora uso wa mtu ambaye hukumwona na ambaye hana picha, hiyo sitaki tena. Kila asubuhi nilichora kwa mkaa, Mama Nanyangwe akitazama kutoka kwenye kigoda.

"Siye."

Nafuta kwa kitambaa kibichi, nachora tena.

"Huyo ni mtu wa polisi. Siye."

Nilimuuliza pua yake ilikuwaje, akasema ilikuwa pua. Macho je? Ya kawaida. Nilianza kumkasirikia, naye alianza kunikasirikia, na Alhaji akapita akatukasirikia wote. Niliona sasa kwa nini Mzee Sinyangwe aliishia kwenye vichwa vitupu. Mtu akikaa moyoni muda mrefu sura inalika kama noti ya zamani, unabaki unajua thamani yake tu.

Nikaacha kuuliza sura. Nikamuuliza Yoramu alikuwa anakulaje. Alikuwa anaficha nyama chini ya ugali ili aimalize mwisho. Aliogopa nini? Bata. Alichekaje? Hapo aliinua mkono wake mwenyewe akaonyesha. "Jicho hili la kushoto lilikuwa linatangulia kufumba. Tulikuwa tunaliambia, ngoja lenzako."

Nilichukua paji la uso la Mzee Sinyangwe, ambalo nililijua vizuri kwa sababu miaka yote nilikuwa naliona limeinamia kibao. Taya nilichukua la mama mwenyewe, aliyekaa pale. Kisha nikachora mtu anayekaribia kucheka, jicho la kushoto limetangulia. Nilipogeuka, Mama Nanyangwe alikuwa ameziba mdomo kwa pembe ya kitenge na karanga zimemwagika miguuni.

Nilingoja. Aliposema, sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, ya dada mkubwa.

"Mfunge kishikizo cha shingoni. Hapa kuna baridi."

Nilimfunga. Mpaka leo sijui kama alifanana. Labda nilitengeneza mtoto wa paji la mmoja na taya la mwingine, na mama yule akaamua inatosha. Sitajua, na nimechoka kujiuliza.

Kuanzia siku hiyo Mama Nanyangwe alihamishia karanga zake pale. Ukuta ulikula vumbi na moshi, ukabandikwa mabango ya wagombea, ya waganga na ya mikutano ya injili, lakini Yoramu hakuna aliyemgusa, kwa sababu dada yake alikuwa chini yake na kifimbo. Madereva wa Zambia walikuwa wakinunua karanga na kumsalimu wa ukutani, "Mulishani!" Dada yake alijibu kwa niaba yake. Kila baada ya masika nilipita kumfufua rangi shavuni. Treni nayo ilikuwa inasikika kwa nadra zaidi, na malori yaliongezeka mpaka yakawa hayana pa kusimama.

Ndipo watu wa barabara walipokuja kupima. Barabara ya mpakani ilikuwa ndogo kwa mizigo yote ile, hata kipofu aliliona hilo. Walihitaji mtu wa kupiga alama kwenye majengo yaliyoingia kwenye hifadhi ya barabara, wakaambiwa mwandishi wa zamani ni Nzunda. Nilikubali. Kifua kilikuwa kimeshaanza, malori mengi yalikuwa yanaandikwa kwa stika, na sikuwa na la kuchagua. Nikachukua kopo la rangi nyekundu nikamfuata injinia, kijana mpole, mwenye kusalimia kila mlango kabla ya kuuhukumu.

Kazi ilikuwa ni X kubwa na chini yake BOMOA. Nimeshasema S ni herufi ya uchungu, lakini O nayo si rafiki, na BOMOA inazo mbili. Nilikuwa napiga mistari kwa chaki, napanga nafasi, nazungusha O taratibu. Injinia akaniambia, "Mzee, si lazima ipendeze." Nikamwambia mkono wangu haujui nyingine. Watu walitoka nje kunitazama naandikia nyumba zao. Mwanamke mmoja aliniletea chai, nikainywa nikiwa nimesimama mbele ya X yake. Nilirudi nyumbani jioni zile sina hamu ya kuongea na mtu.

Tulifika kwa Alhaji asubuhi. Tepu ilivutwa, ikaupita ukuta mzima, ikaishia ndani ya ghala. Mama Nanyangwe alinyanyuka kwenye kigoda akaitazama tepu, akanitazama mimi.

"Hiyo kamba haiwezi kurudi kidogo?"

Injinia alichuchumaa, akamweleza kwa heshima, akamwonyesha kwenye ramani. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Mimi nilitaka kuweka kopo chini. Nilimwambia injinia kwamba ukuta huu aandike mwingine.

"Hapana," Mama Nanyangwe akasema. "Wewe ndiye uliyemleta. Andika wewe. Mwingine atampaka usoni."

Niliandika upande wa kulia kabisa, juu ya malori. Injinia aliona nilikokwenda, akageuka kutazama upande mwingine. Haikusaidia chochote, ukuta ulikuwa mmoja. O ya pili niliizungusha mara moja tu, nikaiacha ilivyo. Ndiyo O mbaya kuliko zote nilizoandika tangu nipunguzwe kazi.

Nilimwahidi Mama Nanyangwe kumchora Yoramu kwenye ubao, aupeleke nyumbani. Nilidhani nimepata suluhisho. Alinikatalia palepale.

"Nyumbani atakaa gizani na moshi, atatazamwa na mimi tu. Mimi namjua. Nani atampita?"

Tulikuwa ghalani kwa Alhaji. Alikuwa anasimamia vijana wake kung'oa mabati kabla katapila halijafika, na alikuwa amezeeka kwa siku zile chache. Aliendelea kuhesabisha mabati, nikadhani hasikilizi.

"Fundi," akasema bila kugeuka. "Lori langu lile la tela jekundu. Milango ya nyuma haina kitu."

"Alhaji, uso wa mtu kwenye gari yako?"

"Watu hawatampita tena hapa. Basi apite yeye kwa watu." Kisha akamfokea kijana aliyekuwa anakunja bati.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho, na mkitaka kujua namna ya kuhamisha picha, sikilizeni. Nilipiga miraba midogo kwa chaki juu ya uso wa Yoramu ukutani, nikapiga idadi ileile kwenye mlango wa tela baada ya kuusugua kwa msasa mpaka ukang'aa. Kisha mraba kwa mraba, bila kutazama uso mzima, maana ukiutazama mzima mkono unaanza kutunga. Bati halinywi rangi kama plasta, linahitaji tabaka nyembamba na subira. Nilikohoa kazi nzima. Mama Nanyangwe alikuwa anakwenda ukutani anarudi kwenye lori, anakagua jicho. Nilipotua brashi, alinyoosha kidole shingoni. Nilikuwa nimesahau kishikizo. Nikakiweka, nikaosha brashi zangu, nikazilaza kwenye mafuta, na sijazitoa tena.

Katapila lilipofika nilikwenda kutazama. Lilianza na malori, likaja kwenye treni. Kabla halijafika kwa vijana wa reli niliondoka. Nilisikia tu, na vumbi likanifuata mpaka njiani.

Lori lilikuwa linakwenda Zambia na kurudi, na kati ya safari Mama Nanyangwe hakuwa na habari za Yoramu. Karanga zake alizihamishia kando ya barabara mpya. Siku moja mapema mwaka huu nilikuwa natoka zahanati, nikakuta foleni ya malori ya kwenda mpakani imelala kama kawaida yake, imepanda kilima mpaka huwezi kuona mwisho. Madereva walikuwa wanapika chini ya matela, nguo zimeanikwa kwenye vioo. Kila mtu alikuwa analaani: madereva wanalaani, wenye mizigo kwenye simu wanalaani, hata wauza maji, ambao foleni ndiyo inawalisha, walilaani kwa mazoea.

Nikaona tela jekundu. Nyuma yake, katikati ya barabara, Mama Nanyangwe amekaa kwenye kigoda chake, beseni la karanga ubavuni, anatazamana na mdogo wake. Watu walikuwa wanapita katikati yao na ndoo za maji, na kila aliyepita alitupa macho kwa Yoramu, naye alikaribia kumchekea kila mmoja.

"Tangu lini, mama?" nikamuuliza.

"Tangu jana. Namwomba Mungu wasifungue geti."

Nilikaa naye kwenye jiwe. Foleni ilikuwa ikisogea urefu wa gari moja, naye anabeba kigoda na beseni, anasogea, anakaa tena, nami nasogea na jiwe langu. Mchana jua lilipopanda, injini zikaanza kuwaka mbele, moja baada ya nyingine. Dereva wa Alhaji, kijana wa mjini mwenye kofia kubwa, alikuja nyuma kutuangalia.

"Bibi, samahani, tumeitwa. Safari hii ni moja kwa moja mpaka getini, hakuna kusimama tena."

Mama Nanyangwe alinyanyuka. Alifuta vumbi kwenye shavu la Yoramu kwa kitenge, akafuta na shingoni, penye kishikizo. Kisha akamgeukia dereva.

"Mpeleke polepole, mwanangu. Mara ile walimchukua mbio."

Yule kijana alimtazama, akanitazama mimi, akavua kofia. Alipanda garini, akaingiza gia ya kwanza. Nyuma yake malori yalimpigia honi, watu wakamtukana kwa Kiswahili na Kibemba. Tulisimama tukimsindikiza kwa macho, na mimi masikio yangu ya zamani ya kituoni yalikuwa yanasikiliza injini. Hakubadilisha gia mpaka getini.